Ukuta Usiopiga Kelele: Jiko Moja la Kawempe na Jiwe la Kisii

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Kampala kwa barabara ya Bombo hupita kwanza Wandegeya, penye harufu ya nyama ya kuchoma na chapati zilizoviringishiwa mayai. Huuacha mlima wa Makerere mkono wake wa kushoto, kisha huteremka polepole mpaka bonde la Bwaise. Bonde hilo zamani lilikuwa kinamasi, na maji hufuata mkondo wake wa kale. Mvua kubwa zikinyesha, mfereji wa Nsooba hufurika kabla ya kuyafikisha maji Lubigi, na yeyote apitaye siku mbili baadaye huona juu ya kuta za nyumba mstari wa matope, mahali pengine umefika magotini, mahali pengine kiunoni. Hapo Bwaise barabara ya mzunguko wa kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 2009, huikatiza barabara ya Bombo. Baada ya hapo njia huanza kupanda tena, udongo hubadilika kutoka mweusi wa bondeni kuwa mwekundu wa mlimani, na msafiri yumo Kawempe.

Kawempe ni jina la mtaa, na pia ni jina la mojawapo ya tarafa tano za jiji la Kampala, pamoja na Nakawa, Makindye, Rubaga na ile ya Kati. Wageni waendao kutazama mandhari hawaendi Kawempe. Lakini mtu atakaye kujua jinsi nyumba ya mwananchi wa kipato cha kawaida inavyosimama, kuanzia msingi hadi pazia, hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Kando ya barabara mafundi wa chuma huunganisha madirisha huku cheche zikiwarukia miguuni. Maseremala hupanga vitanda juu ya vumbi. Mchanga na kokoto husimama katika marundo. Na baina yao yamo maduka ya vigae, ambayo hutoa bidhaa zao nje asubuhi na kuzipanga kando ya mtaro kama askari katika gwaride.

Vigae hivyo hutoka kila upande. Vingine huvuka bahari kutoka China na India. Vingine ni vya nchini, kwa kuwa katika miaka ya karibuni kiwanda cha vigae kilijengwa huko Kapeeka, wilaya ya Nakaseke, mahali pafikiwapo kwa kuishika barabara hii hii ya Bombo mpaka Matugga na kukunja kushoto. Vilivyotengenezwa kwa ajili ya jikoni hutambulika upesi. Vina vishada vya zabibu, vikombe vya kahawa vitoavyo mvuke, maua ya waridi, samaki, pilipili nyekundu, na kila kimoja kinang'aa hata mnunuzi huiona sura yake mwenyewe juu ya zabibu. Dukani hupendeza. Kanga mpya nayo hupendeza ikiwa imekunjwa rafuni. Lakini kanga hufuliwa, hubadilishwa na huwekwa sandukuni, na kigae kikishabandikwa ukutani hukaa miaka ishirini.

Katika mtaa mmoja ulio juu ya barabara hiyo, penye migomba michache iliyosalia na majirani wanaojuana kwa majina ya watoto wao, sajini mmoja mstaafu wa polisi na mkewe walikuwa wakimalizia nyumba yao. Mume alikuwa ametumikia zaidi ya miaka ishirini na mitano, na katika muda huo familia ilihama kambi mara saba. Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa maana yake. Nyumba ya kambini hupokewa kwa ufunguo na hurudishwa kwa ufunguo. Ukuta wake ni wa serikali: umepakwa chokaa juu na lami nyeusi chini, na msumari mmoja uliopigwa bila ruhusa huweza kuulizwa siku ya kuondoka. Mama huyo alipika miaka yote hiyo mbele ya kuta asizozichagua, mara nyingine nje kabisa, jiko la makaa likiwa limeegemezwa penye kivuli cha nyumba ya mabati ya duara. Sasa, kwa mara ya kwanza maishani mwao, palikuwa na ukuta wa mita mbili na sentimita arobaini ambao hakuna ofisa yeyote angekuja kuukagua.

Fedha za kuushughulikia zilikuwa za mwisho katika kiinua mgongo. Karo ya mtoto wa mwisho ilikuwa imekwisha kutengwa, mabati yamekwisha kulipwa, na kilichosalia kilitosha kwa ukuta mmoja, mara moja.

Juu ya matofali ya meza ya jiko kulikuwa tayari na jiwe. Liliingia katika nyumba hiyo kwa njia ya urafiki zaidi kuliko ya biashara. Askari mwenziwe wa zamani, ambaye siku hizi huendesha lori kati ya Kampala na Kisumu, alipita Kisii na kurudi na vipande vitatu vya jiwe la kijivu, kila kimoja chenye urefu wa sentimita themanini, upana wa sitini na unene wa vidole viwili. Vilitoka Tabaka, katika nchi ya Wagusii, magharibi mwa Kenya, mahali ambapo jiwe la sabuni huchimbwa kwa sururu na mitaimbo na kuchongwa na familia nzima: vinyago vya twiga, mabakuli, bao za sataranji. Vinyago hivyo huuzwa Nairobi na Mombasa na hata katika maduka ya sanaa ya Kampala. Wengi huvijua kwa rangi zake za waridi na za maziwa; jiwe la kijivu huwavutia wanunuzi wachache zaidi, na pengine ndiyo sababu lori lililipata.

Jiwe hilo huitwa la sabuni kwa kuwa mkono ukipita juu yake huteleza kana kwamba umepakwa povu. Sababu ni ulanga uliomo ndani yake, ule ule usagwao kuwa poda ya watoto wachanga, ambao katika kipimo cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 na kuishia 10, hukaa kwenye 1. Kadiri ulanga unavyozidi ndivyo jiwe linavyokuwa laini na kumfaa mchongaji. Ukipungua, jiwe huwa gumu na kumfaa mjenzi. Kwa hiyo atakaye jiwe la meza asinunue kwa macho pekee. Akwaruze pembe moja kwa ncha ya kisu: likitoa unga mwingi kama chaki, hilo ni la vinyago.

Lakini ulaini huo usimfanye mtu alidharau. Ndege waliochongwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu ni wa jiwe la sabuni, nao wamedumu karne nyingi. Sanamu kubwa ya Kristo iliyo juu ya mlima mjini Rio de Janeiro, iliyokamilika mwaka 1931, imefunikwa mwili mzima kwa vipande vidogo vya jiwe hilo, na mvua na jua havijaimaliza. Katika nchi ya Finland hujengewa majiko ya kupashia nyumba joto, kwa kuwa hupokea moto bila kupasuka na huutoa polepole usiku kucha. Shule nyingi za zamani huko Ulaya na Marekani zililitumia kwa meza za maabara, maana tindikali hailili. Ndimu ikikamuliwa juu ya malumalu huacha doa lisilotoka. Ikikamuliwa juu ya jiwe la sabuni hufutwa kwa kitambaa. Sufuria iliyotoka motoni huweza kuwekwa juu yake moja kwa moja. Hasara yake ni mikwaruzo, na mikwaruzo huondolewa kwa msasa laini na maji. Mke wa sajini alilipenda tangu siku lilipowekwa. Alisema ni jiwe lisilomtisha mtu.

Ugomvi, kama neno hilo si kubwa mno kwa watu waliooana miaka thelathini, ulianza juu ya kile kitakachosimama nyuma ya jiwe.

Sajini alikuwa amekwisha kuchagua. Alirudi jioni moja na kigae cha mfano, chenye zabibu, pamoja na ukanda mwembamba wa dhahabu wa kupitishwa katikati.

"Mama, tumekaa na chokaa miaka ishirini na mitano," alisema. "Mtu akiingia humu aone kwamba tumetoka kambini."

Mkewe alikipokea kigae kwa mikono miwili, akakisimamisha nyuma ya jiwe, akarudi nyuma hatua tatu mpaka mlangoni. Jiwe, ambalo asubuhi lilikuwa na mishipa myeupe iliyopita kama moshi, likawa kama limezimika. Zabibu ndizo zilizoonekana, na taa ya umeme ilikuwa imesimama katikati ya kigae kama jicho.

"Baba watoto, hiki kinaongea peke yake," alijibu. "Na sisi tutakuwa tunapika."

Mama huyo ni mzaliwa wa Bombo, mji ulio mbele zaidi katika barabara hiyo hiyo, ambao wakati wa ukoloni ulikuwa makao ya kikosi cha Uganda cha jeshi la King's African Rifles. Wazee wake ni Wanubi, wazao wa askari wa zama hizo. Wanubi hawaogopi rangi, na mtu asiyewajua angedhani kwamba binti yao ndiye angezitaka zabibu. Wanawake wao husuka mikeka, vikapu na vifuniko vya chakula vyenye nyekundu, kijani, zambarau na manjano vilivyokaa pamoja bila haya. Lakini katika jiko la mama yake rangi hizo zilikuwa zimetundikwa juu ya ukuta wa udongo uliosuguliwa laini, usio na kitu kingine, na hapo ndipo zilipoonekana. Alikuwa amevihifadhi vifuniko vinne vya mama yake kambi baada ya kambi, ndani ya sanduku la bati. Alitaka mahali pa kuvitundika.

Yamkini mambo yangeamuliwa usiku huo kwa mmoja wao kunyamaza, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, lau si mwashi aliyekuja asubuhi kupima. Alikuwa mtu mzima asiye na haraka. Aliuweka mkono wake juu ya lipu ya ukuta, akaunusa, kisha akauliza kama pana mfuko wa nailoni usiotoboka.

"Afande, kabla ya kuchagua nguo tutazame kwanza kama mgonjwa hana homa," alisema.

Alikata kipande cha nailoni chenye ukubwa wa sahani ya kupakulia, akakibandika ukutani kwa utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, akaagiza kisiguswe mpaka kesho yake jioni. Njia hiyo ni rahisi, nayo inamfaa kila mwenye nyumba. Matone yakipatikana upande wa nje wa nailoni, ni mvuke wa jikoni tu, na dirisha likifunguliwa hutoweka. Yakipatikana upande wa ndani, ulioelekea ukuta, basi ukuta wenyewe una maji. Kesho yake jioni matone yalikuwa ndani, na chini yake lipu ilikuwa imeota unga mweupe kama chumvi. Hasa ni chumvi: maji hupanda katika matofali ya kuchoma kama mafuta yapandavyo katika utambi, huyeyusha chumvi zilizomo katika udongo na saruji, na yanapofika juu hukauka na kuziacha hapo.

Kwa wakazi wa Bwaise jambo hilo lina sababu ionekanayo na kila mtu. Juu Kawempe lilihitaji kutafutwa. Ilikuwa hivi: nyumba ilijengwa kwenye mteremko, na udongo uliochimbwa wakati wa msingi ulikuwa umerundikwa nyuma ya jiko, nje, mpaka ukapita usawa wa sakafu. Juu ya rundo hilo paa lilimwaga maji yake yote, kwa kuwa mfereji wa bati ulikuwa umeahirishwa mpaka fedha zipatikane. Kila mvua ilikuwa ikinyweshwa ukutani.

Kama vigae vya zabibu vingebandikwa wiki ile, vingependeza kwa miezi michache. Kigae chenye mng'ao hakipumui. Maji yangesukuma kutoka nyuma, saruji ingeachia, na kimoja baada ya kingine vingeanza kulia kitupu vikigongwa kwa kidole, kisha vingeanguka juu ya jiwe. Hakukuwa na fedha za kununua mara ya pili. Sajini alielewa hayo bila kuelezwa zaidi. Alikirudisha kigae cha mfano dukani siku ile ile, na kwa muda wa siku tatu yeye na kijana wa jirani waliondoa udongo wa nyuma kwa koleo, wakachimba mtaro, wakaweka kokoto. Sehemu ya fedha za ukuta ilikwenda katika mfereji wa bati. Lipu iliyooza ilibanduliwa, matofali yakaachwa wazi.

Ilikuwa mwisho wa Novemba. Mvua za vuli zilikuwa zikimalizika, na kiangazi cha Desemba hadi Februari kilikuwa mbele. Mwashi alishauri ukuta uachwe ukauke kwa kipindi hicho chote, na haya ndiyo maneno magumu kuliko yote kuambiwa mwanamke aliyengoja jiko miaka thelathini. Aliyakubali. Alipika kwenye veranda juu ya sigiri, na ndani alilitumia jiwe tu, akikata mboga mbele ya matofali matupu.

Pengine muda huo ndio uliouchagua ukuta. Maduka hayamruhusu mnunuzi kukaa na kigae. Hapa palikuwa na miezi mitatu. Kila alipokwenda sokoni Kalerwe mama huyo alirudi na kipande, mara nyingine kilichovunjika pembe na kutolewa bure, akakisimamisha juu ya jiwe na kukiacha wiki nzima. Alikitazama asubuhi jua liingiapo kwa dirisha la mashariki, mchana, usiku chini ya taa ya umeme, na umeme ulipokatika, kwa taa ya kandili. Aligundua mambo ambayo hakuna muuzaji aliyemwambia.

Cheupe kabisa, ambacho kila mtu hukidhania kuwa ndicho cha kawaida, kililifanya jiwe lionekane chafu. Cheusi kiliufanya ukuta na meza kuwa pango. Cha kijivu kilichokaribiana na jiwe bila kufanana nalo kilikuwa kibaya zaidi, kama viraka viwili vya nguo moja vilivyonunuliwa miaka tofauti. Kilichokaa vizuri kilikuwa cha rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai, rangi ambayo mtu akiitazama peke yake haoni cha kuisifu. Juu ya mng'ao pia alijifunza. Kile king'aacho kilirudisha taa machoni. Kile kikavu kabisa, chenye uso kama ganda la yai, kilishika masizi na mafuta ya kukaangia, na kukisugua kulihitaji nguvu. Alichagua cha katikati, laini kwa kidole lakini kisichorudisha sura ya mtu.

Mume naye hakukaa kimya. Alikwenda Kajjansi, katika barabara ya Entebbe, ambako kiwanda cha Uganda Clays kimekuwa kikichoma vigae na matofali tangu mwaka 1950, akarudi na vigae vyekundu vya udongo visivyopakwa kitu. Ni vizuri, na wekundu wake ni ule ule wa mlima wa Kawempe. Lakini udongo usiopakwa hunywa mafuta; tone la mchuzi wa manjano likikaa juu yake usiku mmoja, limekaa daima. Waliviweka sakafuni, penye kufagiliwa na kupigwa deki, na hapo wekundu wake ulilipa jiwe la kijivu joto lililokuwa limepungua. Hivyo kila mmoja alikuwa na kitu alichokichagua, jambo ambalo katika nyumba si dogo.

Machi ilipokaribia nailoni ilibandikwa tena. Ilikaa kavu ndani na nje kwa siku mbili. Mwashi alipiga lipu mpya, sehemu moja ya saruji kwa nne za mchanga uliochekechwa, akainyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku saba ili isipasuke, kisha akaiacha.

Hesabu yake haikuwa ngumu, na msomaji anaweza kuifuata kwa ukuta wake mwenyewe. Meza ilikuwa na urefu wa sentimita 240. Vigae vilikuwa vidogo, vya sentimita 15 kwa 15, vya namna ya zamani ambayo haipatikani kila duka siku hizi. Kumi na sita huujaza urefu huo bila kukatwa hata kimoja. Safu tatu hufikia sentimita 45, kimo kitoshacho kuzuia maji ya sinki na mafuta ya kikaango. Ndiyo kusema vigae arobaini na vinane. Walinunua hamsini na vinne, kwa sababu kigae kitakachovunjika baada ya miaka mitano hakitapatikana tena cha rangi ile. Vilivyobaki vimo chini ya kitanda.

Juu ya safu ya tatu hapakuwekwa kitu. Palipigwa niru, ikapakwa chokaa. Sajini alicheka alipoiona ndoo ya chokaa ikiingia ndani ya nyumba yake, lakini hakuikataza.

Jambo moja lilikaribia kuharibu kazi, nalo ni saruji ya kuzibia viungo baina ya vigae. Kijana wa mwashi alikuwa amekwisha kuikoroga nyeupe, kama afanyavyo kila mahali. Viungo vyeupe juu ya vigae vya maziwa vingekuwa vimechora wavu ukutani, na baada ya mwezi wa manjano na nyanya, wavu huo ungekuwa wa rangi ya kutu. Mama aliizuia. Alikwangua vumbi la jiwe lililobaki chini ya meza, akalionyesha, akataka viungo viwe vya rangi hiyo, vyembamba, vya milimita mbili tu. Ilichanganywa upya. Ukuta na meza vilishikana hapo, na ni jambo la kustaajabisha kwamba kitu kilichogharimu kidogo kuliko vyote ndicho kilichofanya kazi hiyo.

Vumbi hilo lenyewe lastahili neno. Wachongaji wa Tabaka hulivuta miaka mingi, na mapafu yao huliona. Anayekata au kusugua jiwe la sabuni nyumbani alifanye likiwa limelowa maji, nje, kitambaa kikiwa puani, na watoto wakiwa mbali.

Palikuwa pia na kosa la mafuta. Jiwe hili hupakwa mafuta ili likolee rangi na lizeeke kwa usawa. Lisipopakwa, huwa jeusi penye kushikwa sana na jepesi penye kuachwa. Ndugu mmoja aliyekuja kusaidia siku ya usafi alilipaka mafuta ya kupikia, kwa nia njema. Baada ya siku chache likawa linanata, likatoa harufu ya kikaango cha jana, na sisimizi wakafika. Lilisafishwa kwa maji ya moto na sabuni, likasuguliwa kwa msasa laini, kisha likapakwa mafuta ya madini yasiyo na rangi wala harufu, yauzwayo katika maduka ya dawa. Wala yasichanganywe na mafuta ya taa, ambayo hayana mahali karibu na chakula.

Kwa familia ambazo bado zimo kambini, na ukuta wao ni wa serikali, yapo machache yawezekanayo. Chokaa iliyolowekwa vizuri, ikakorogwa nyepesi kama maziwa na kutiwa chumvi kidogo, ikapakwa mara tatu nyembamba badala ya mara moja nzito, hukaa mwaka mzima bila kubanduka. Nyuma ya jiko hutundikwa kipande cha bati bapa juu ya misumari miwili iliyopo. Hufutwa kila jioni, na siku ya uhamisho hufungwa pamoja na godoro.

Siku ya kwanza ya kupika ndani ilikuwa Jumapili. Vifuniko vinne vya Bombo vilikuwa vimetoka katika sanduku la bati na kutundikwa juu ya chokaa, nyekundu na zambarau yake ikionekana tangu mlangoni. Ndizi zilikuwa zimefungwa katika majani, mchuzi wa karanga ukichemka, na mvua za masika zilikuwa zimeanza, zikipiga mfereji mpya wa bati nyuma ya nyumba. Jirani wa upande wa chini, ambaye naye alikuwa akijenga, aliingia kwa hodi, akasifu sakafu, akasifu vifuniko, akalipapasa jiwe. Kisha akautazama ukuta kwa muda, kama mtu anayetafuta neno la adabu.

"Mzee, na huu ukuta mtaumalizia lini?"

Sajini alimtazama mkewe, ambaye alikuwa akiitua sufuria kutoka motoni na kuiweka moja kwa moja juu ya jiwe.

"Umekwisha," alisema. "Karibu chakula."